Tiketi ya Noeli: kulipa leo ao kungoja likelemba?

 

Juma hili tunajibu ulizo moja ambalo limetufikia kutoka vikundi vitatu, kila kimoja kwa maneno yake. Tukiliweka kwa ufupi linasema hivi: bei ya ndege ya kwenda Kinshasa inapanda, Noeli inakaribia, feza hazijatimia. Tulipe sasa kwa kukopa, ao tungoje zamu yetu ya likelemba mwisho wa mwezi wa 11?

Tunajua ulizo hili linatoka wapi. Kuna mama ambaye binti yake atazaa mtoto wa kwanza kule Kinshasa, na hana mtu wa kumkandia maji ya moto wala wa kumwonyesha namna ya kushika mtoto. Kuna mwingine ambaye kijana wake anasoma unive na hajakanyaga nyumbani tangu miaka miwili. Kwetu hapa Lubumbashi ndege si mambo ya kujionyesha. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa njia ya anga. Gari moshi linafika Ilebo tu, na kutoka pale inabaki mto ao barabara. Mtu anaweza kumaliza majuma njiani. Barabara ya kupitia Kasai wakati wa mvua, wenye kuipita wanaijua. Ndege inachukua saa mbili na zaidi kidogo. Ndiyo maana tiketi ya ndege, kwa nyumba nyingi, ni feza kubwa kuliko zote zinazotoka kwa siku moja katika mwaka mzima.

Feza kubwa namna hiyo haifai kutolewa kwa hofu. Wala haifai kushikiliwa kwa hofu.

Sababu gani bei inapanda

Wengi wanafikiri kwamba mtu wa ajansi anapandisha bei anavyotaka. Mara moja moja inatokea. Lakini mara nyingi kazi inafanyika hivi: kampuni ya ndege inagawanya viti vya ndege moja katika mafungu. Fungu la kwanza ni la bei ndogo, na viti vyake ni vichache. Vikiisha, linafunguliwa fungu la pili, bei imepanda. Kisha la tatu. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega katika ndege moja, mmoja amelipa bei kubwa sana kuliko mwenzake, na hakuna aliyeibiwa. Mmoja alinunua mapema, mwingine alinunua viti vikiwa karibu kuisha.

Sababu ya pili ni majira. Watu wote wanataka kusafiri kwa wakati mmoja: kabla ya Noeli na Bonane, mwanzo wa vakansi kubwa ya mwezi wa 7, na siku za kurudi shuleni mwezi wa 9. Siku hizo mafungu ya bei ndogo yanaisha haraka, na siku nyingine hayafunguliwi kabisa.

Sababu ya tatu ni mafuta. Mafuta ya ndege yanakula karibu robo mpaka theluthi ya gharama zote za kampuni ya ndege. Yakipanda bei ulimwenguni, tiketi inafuata. Na kwetu ambako yanafika kwa malori kutoka mbali, safari ya lori nayo inaingia katika bei.

Sababu ya nne ni uchache wa ndege. Kampuni ikiwa na ndege chache na moja ikiharibika, abiria wa safari iliyofutwa wanawekwa katika safari za kesho na kesho kutwa. Viti vilivyobaki vinakuwa vichache, na bei inaruka. Kinyume chake pia ni kweli: kampuni mpya ikiingia, wenye njia wanapashwa kuangalia bei zao upya. Mwezi wa 12 mwaka 2024 kampuni ya Air Congo ilianza kuruka, ikiwa ni ya Leta la Kongo pamoja na Ethiopian Airlines. Kwa hiyo msiulize kampuni moja tu, hata kama ni ile mliyoizoea. Ulizeni mbili ao tatu siku moja, kwa tarehe moja, na muandike.

Maulizo matatu kabla ya kutoa feza

Kuna wanaosema haraka haraka haina baraka. Kuna wanaojibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni methali za kweli, lakini hazisaidii kununua tiketi. Tunawapa maulizo matatu badala yake.

La kwanza: tarehe ni ya hakika? Mtoto atazaliwa, hilo ni hakika, hata kama siku haijulikani. Harusi ambayo familia mbili hazijamaliza kuongea mahari, hiyo si hakika. Kama tarehe haijakaa, msinunue tiketi isiyobadilishwa, hata ikiwa bei yake ni nzuri.

La pili: bei ya juu kabisa tunayoiweza ni ipi? Bei hiyo iwekwe nyumbani, kwa utulivu, kabla ya kwenda ajansi. Hesabuni feza za nyumba: chakula, masomo ya watoto, nyumba, dawa. Kinachobaki ndicho kinaonyesha bei ya juu. Siku mkikuta bei iko chini ya hapo na tarehe ni ya hakika, nunueni, mfunge mazungumzo. Msiendelee kuulizia bei kila siku kwa kutumaini dola kumi zaidi. Na ikiwa bei iko juu ya hapo, hata kama mtu wa ajansi anasema ni kiti cha mwisho, rudini nyumbani.

La tatu: tukishindwa kusafiri, tutapoteza kiasi gani? Ulizeni waziwazi: tiketi hii inarudishiwa feza? Inabadilishwa tarehe? Kwa malipo gani? Jina linabadilishwa? Mara nyingi jina halibadilishwi kabisa, kwa hiyo herufi za jina ziwe sawa na zile za kadi ao pasipoti. Tiketi ya bei ndogo kabisa mara nyingi ndiyo yenye masharti makali kabisa.

Mapema ni lini? Hakuna siku ya miujiza. Kwa safari ya ndani katika miezi ya kawaida, mwezi mmoja mpaka miwili mbele mara nyingi inatosha. Kwa Noeli, miezi miwili ao mitatu. Tena siku za katikati ya juma, Jumanne na Jumatano, mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumapili, kwa sababu watu wa kazi na wa biashara hawazipendi.

Hesabu ya deni

Sasa tufike kwenye ulizo lenyewe. Tuandike mfano kama ubaoni. Namba hizi ni za kufundishia tu. Kila mama aweke zake.

Tuseme leo tiketi ya kwenda na kurudi ni dola 320. Mama ana dola 200. Zinakosa 120. Likelemba yake itafika baada ya miezi miwili. Kikundi chake cha akiba kinakopesha kwa faida ya dola 5 kwa kila 100 kwa mwezi. Akikopa 120, faida ni dola 6 kwa mwezi, maana yake dola 12 kwa miezi miwili. Tiketi itakuwa imemfikisha dola 332.

Akingoja, mambo matatu yanaweza kutokea. Bei ikipanda mpaka 400, atalipa 80 zaidi. Kwa hiyo kukopa kungemwokolea dola 68. Bei ikibaki 320, kukopa kulimpotezea dola 12. Na bei ikishuka mpaka 290, kukopa kulimpotezea 42. Sasa aulize: kati ya hayo matatu, ni lipi linafanana zaidi na mwezi wa 12? Bei kushuka majuma matatu kabla ya Noeli ni jambo la nadra. Basi kwa mama huyu, ikiwa tarehe ni ya hakika, kukopa kwa kikundi chake ni hesabu nzuri.

Lakini badilisheni namba moja tu. Tuseme kikundi hakina feza, na mama anakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita banki lambert, wanaotaka dola 30 kwa kila 100 kwa mwezi. Faida ya 120 inakuwa 36 kwa mwezi, na 72 kwa miezi miwili. Tiketi inafika 392. Hata bei ikipanda mpaka 400, ameokoa dola 8 tu. Isipopanda, ametupa dola 72, tena na mkopeshaji anakuja kubisha mlangoni. Kwa faida kama hiyo, ni afadhali kungoja, ao kubadilisha tarehe ya safari.

Kubadilisha tarehe ndiyo njia inayosahauliwa zaidi. Mama anayekwenda kupokea mjukuu anaweza kuondoka siku za kwanza za mwezi wa 12 na kurudi katikati ya mwezi wa 1, wakati umati umekwisha kupita. Bei ya siku hizo inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya tarehe 20 ao 22, pengine bila deni lolote. Tunajua ugumu wake: watoto wa nyumba wangali na mitihani, na nani atapika? Hapo ndipo kikundi kinafaa kuliko feza. Dada wawili wa kikundi wakigawana zamu kwa majuma mawili, wameokoa dola ambazo hakuna benki ingezitoa.

Neno moja juu ya baba wa nyumba. Wengine wametuambia kwamba bwana anasema «tungoje, bei itashuka», na mama anasema «tulipe, bei itapanda», na jioni inaharibika. Onyesheni karatasi. Bei ya juma la kwanza, bei ya juma la pili, bei ya juma la tatu, na hesabu ya deni chini yake. Mtu anaweza kukataa maneno ya mke wake. Kukataa namba alizojumlisha yeye mwenyewe ni kazi ngumu kidogo. Na kama namba zinaonyesha kwamba bwana ana haki, mama naye akubali.

Rezervasyo si tiketi

Hapa tunaomba msome polepole. Mama mmoja wa kartiye yetu alimpa mtu wa kati feza zote, akapewa karatasi yenye jina lake, tarehe na saa ya ndege. Siku ya safari, kwenye kaunta, jina halikuwako. Karatasi ile ilikuwa rezervasyo tu. Kiti kilikuwa kimeshikwa kwa siku chache, hakikulipiwa, kikaachiliwa. Mtu wa kati hakuonekana tena.

Rezervasyo ni kuomba kiti. Tiketi ni kiti kilicholipiwa. Kwa kampuni zinazofuata utaratibu wa kimataifa, rezervasyo ina alama ya herufi na namba sita. Tiketi ina namba ndefu ya tarakimu 13. Mkilipa feza yote, tafuteni namba ile ndefu. Msipoiona, ulizeni. Kisha pigeni simu ao mwende kwenye bilo ya kampuni yenyewe, mtoe jina na zile alama sita, muulize kama tiketi imetoka. Fanyeni hivyo siku ileile, mkiwa mngali mnajua mtu wa kati yuko wapi. Na risiti iwe na muhuri, kiasi cha feza na tarehe.

Tena siku moja kabla ya safari, ulizeni saa ya ndege upya, kwa sababu saa zinabadilika. Msisahau pia kwamba Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ambako ndege inaondokea. Wakati wa kurudi, kuweni waangalifu na simu ambayo haijabadilishwa saa. Uwanja wa N'djili nao uko mbali na katikati ya mji, na msongamano wa magari wa Kinshasa haumhurumii mtu.

Gharama zilizojificha nyuma ya bei

Tiketi ya bei ndogo inaweza kuwa ya bei kubwa mkimaliza kuhesabu. Ulizeni juu ya kilo. Mama wa Lubumbashi hasafiri mikono mitupu: unga wa mahindi, maharagi, samaki kavu, vitenge vya mtoto. Akirudi amebeba fumbwa na shikwange. Kama kampuni moja inaruhusu mzigo mdogo na nyingine mkubwa, tofauti ya bei ya tiketi inaweza kumezwa yote na malipo ya kilo zilizozidi. Pimeni valizi nyumbani ao dukani kwa jirani mwenye mizani. Na ulizeni bei ya kilo moja iliyozidi kabla ya kununua tiketi, si mbele ya kaunta na watu wanasukumana nyuma.

Kuna Go-Pass, ile feza ya uwanja wa ndege. Ilipoanzishwa mwaka 2009 iliwekwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya kutoka inchi. Ulizeni kama imo ndani ya bei mliyopewa ao italipwa kando. Kisha taksi ya kwenda uwanja na ya kutoka, pande zote mbili. Andikeni vyote, mjumlishe, ndipo mlinganishe kampuni na kampuni.

Kwa wenye watoto: mtoto wa chini ya miaka 2 anayekaa kwenye magoti ya mama kwa kawaida analipa sehemu ndogo tu ya bei. Akitimiza miaka 2 anahitaji kiti chake, na bei yake inakaribia ile ya mtu mkubwa. Kama mtoto anatimiza miaka 2 katikati ya safari, kurudi kunaweza kuhesabiwa tofauti na kwenda. Angalieni tarehe ya kuzaliwa.

Na kama ni binti mwenye mimba anayetaka kuja kuzalia kwa mama yake, msingoje bei. Kampuni nyingi zinaomba karatasi ya muganga kuanzia juma la 28 la mimba, na zinakataa kumpandisha kuanzia juma la 36, ao mapema zaidi kama ni mapacha. Kwa binti huyo kalenda ya tumbo inatangulia kalenda ya bei. Tiketi iliyonunuliwa vizuri kwa tarehe ambayo hawatamruhusu kupanda haina kazi. Aongee kwanza na muganga wake.

Na kilio je?

Kuna safari ambayo hakuna anayeweza kuinunua mapema. Simu inalia usiku, mtu amekufa Kinshasa, na asubuhi familia inatafuta viti vya siku ileile. Hapo bei ni ya juu kabisa, na hakuna mwenye moyo wa kuhesabu. Tumeona nyumba zilizouza kiwanja kwa ajili ya tiketi tano za kilio, na mwezi uliofuata watoto wakafukuzwa shuleni.

Tunasema hili kwa heshima, kwa sababu kila familia ina desturi yake. Si lazima watu watano wapande ndege. Mtu mmoja ao wawili wanaweza kwenda kwa jina la wote, na feza ya tiketi tatu zilizobaki ikatumwa kwa wafiwa, ambao siku zile wanakosa sanduku, chakula cha wageni na gari la kwenda makaburini. Afadhali familia iongee jambo hili siku ambayo hakuna kilio, wazee wakiwa wamekaa, kuliko kuliamua saa nane za usiku na machozi machoni.

Na vikundi vyenye sanduku la kusaidiana vifikiri juu ya kuongeza kipengele cha safari. Franka kidogo kila mkutano, pembeni ya akiba ya kawaida, na sheria iliyoandikwa: nani anasaidiwa, kwa tukio gani, mpaka kiasi gani, na kama anarudisha ao harudishi. Kikundi kisichoandika sheria hiyo kitagombana siku mama wawili watakapofiwa juma moja.

Kazi ya juma hili

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kichukue karatasi moja. Wamama wenye safari ya Noeli wataje tarehe zao, na mtu mmoja apewe kazi ya kuulizia bei kwa kampuni mbili ao tatu kwa niaba ya wote, kila juma siku ileile, kwa majuma matatu. Kama ni watu kumi na zaidi wanaokwenda siku moja, aulize pia kama kuna bei ya kikundi. Mtunza sanduku aseme kuna feza gani ya kukopesha kabla ya mwisho wa mwezi, ili mama asikimbilie kwa wakopeshaji wa mtaani wakati feza ya kikundi imelala. Mkikosa kuelewana juu ya sheria ya sanduku la safari, tuleteeni maulizo yenu kwa katibu wa kikundi, tutayajibu hapa.

Juma lijalo tutaongea juu ya feza ya unga: kununua gunia moja wakati wa mavuno ao kununua meka kwa meka sokoni mpaka mwezi wa 3. Leteni bei za soko la kartiye yenu, tuzilinganishe pamoja. Mbakie na amani.